Bagamoyo hadi Kigoma kwa Baiskeli: Namna ya Kujiandaa

Njia za kuvuka Tanzania kwa baiskeli ni nyingi, na kila aliyewahi kuivuka atakuapia kwamba yake ndiyo njia. Ushauri wangu ni uanzie Bagamoyo na umalizie Kigoma, na sababu zake uzisikie kabla hujaanza kuulizia bei ya baiskeli. Wengi huanza na baiskeli. Huinunua, huipamba, huipiga picha, na siku mbili kabla ya kuondoka ndipo hujiuliza watakunywa maji wapi kati ya Itigi na Tabora. Wewe anza na swali la maji. Ukishalijibu, mwezi wa kuondoka, uzito wa mizigo na hata saa ya kuamka vitajipanga vyenyewe.

Safari yote ni zaidi kidogo ya kilomita 1,200. Unatoka Bagamoyo kwa lami ya kilomita 64 hadi Msata, unateremka Chalinze, kisha Morogoro, Gairo, Dodoma, Bahi na Manyoni. Pale Manyoni malori mengi ya Rwanda, Burundi na Kongo hukunja kulia kwenda Singida, nawe unanyoosha Itigi na Tabora, halafu Urambo, Kaliua, Uvinza, mpaka ziwani. Kwa sehemu kubwa unafuata njia ya misafara ya karne ya 19, ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na pembe za ndovu mabegani. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo haikai mbali na wewe. Hiyo reli ihesabu kuwa ni bima. Ukiugua, fremu ikikatika, au hamu ikikuishia njiani, si mbali sana kuna stesheni.

Kwa nini usianzie Dar es Salaam? Kwa sababu kutoka Mbezi hadi Chalinze barabara ya Morogoro ni msongamano wa malori, mabasi na bodaboda, na hakuna ushujaa wowote katika kuvuta moshi wa dizeli siku nzima ya kwanza. Bagamoyo hadi Msata ni kimya zaidi, na mwili unapata nafasi ya kuzoea mzigo.

Mwezi na upepo

Ondoka mwanzoni mwa Juni, au wakati wowote kabla ya Agosti kwisha. Masika ya pwani yamekwisha, na Dodoma, Manyoni na Tabora, ambako mvua ni za msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili hivi, barabara za vumbi zimekauka na mito midogo imeshuka. Mavuno yametoka shambani, kwa hiyo chakula kiko kila gulio. Jua lipo lakini halichomi kama la Oktoba. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke nao waliondoka pwani hii mwezi Juni, mwaka 1857, ingawa wao walifika Ujiji, jirani na Kigoma, Februari ya mwaka uliofuata. Wewe, kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa siku na siku moja ya kupumzika kila wiki, weka wiki tatu.

Sababu kubwa zaidi ni upepo. Miezi ya kusi na kipupwe, upepo wa nchi ya kati huja kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kwenye nyika ya Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma, huvuma mchana kutwa bila kitu cha kuukinga. Anayekwenda magharibi husukumwa mgongoni. Anayetoka Kigoma kuja pwani miezi hiyo atakuwa ananyonga kwenye tambarare kana kwamba anapanda mlima, na jioni atashangaa amekwenda kilomita 45 tu. Nimesikia watu wakisifu uzuri wa kumalizia safari baharini. Kweli bahari ni nzuri, lakini upepo haujali.

Milima haikwepeki, na si mingi. Kutoka usawa wa bahari unafika Morogoro kwenye mita 500 hivi taratibu bila kuhisi sana. Baada ya Dumila ndipo unapokutana na kupanda kwenyewe, kuelekea Gairo iliyo juu ya mita 1,000. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi. Kisha unateremka hadi Bahi, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya mita 900, na kupanda tena ukingo wa bonde kuelekea Manyoni. Siku ya Bahi hadi Manyoni iheshimu. Lala Bahi, ondoka alfajiri, uwe umemaliza kupanda kabla ya saa 5 asubuhi. Kutoka Manyoni nchi inalala kama meza hadi Tabora, na kuanzia hapo unashuka kidogo kidogo kuelekea Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita 770 hivi.

Panga kwa maji

Chukua ramani na kalamu. Usigawe kilomita 1,200 kwa siku. Weka alama mahali penye maji ya uhakika: mji, kijiji chenye kisima au bomba, stesheni ya reli, misheni, zahanati. Halafu pima umbali kati ya alama na alama. Kutoka Bagamoyo hadi Dodoma utaona alama zimesongamana. Huko huhitaji zaidi ya lita 3 kwenye baiskeli, maana kila baada ya kilomita chache kuna duka. Dodoma hadi Manyoni zinaachana. Itigi hadi Tabora, kilomita 220 hivi za vichaka na miombo, ndiko kunakotaka akili. Kati ya Chaya na Nyahua peke yake ni kilomita 85.

Hesabu yake iko hivi. Mtu anayenyonga siku nzima kwenye jua anahitaji lita 5 au 6, na usiku, pamoja na uji au chai, lita 2 nyingine. Kwa kipande kama hicho utoke na lita 8, nazo ni kilo 8 zinazoongezwa juu ya kila kitu ulichobeba. Hapo ndipo utakapojua kwa nini jiko la pili na jozi ya nne ya suruali havikustahili kutoka nyumbani. Maji yasambaze: chupa mbili kwenye fremu, dumu la lita 5 kwenye keria, liwe chini na limefungwa lisitikisike.

Wakuu wa misafara walikuwa na mbinu ya sehemu zisizo na maji, hasa Marenga Mkali, ile nyika kavu ya mashariki ya Ugogo. Waliiita terekeza. Badala ya kuondoka asubuhi, msafara ulikaa kwenye maji hadi mchana, watu wakala na kunywa wakashiba, vibuyu vikajazwa, kisha wakaondoka alasiri. Walilala pakavu, wakaamka usiku mkubwa na kufikia maji mengine kabla jua halijawa kali. Kwa namna hiyo siku moja bila maji hugawanyika vipande viwili vya baridi, cha jioni na cha asubuhi. Kwa baiskeli inafaa vilevile. Ukifika Chaya asubuhi, usijitie ujasiri wa kuendelea na jua la utosi. Kaa, kunywa, lala chini ya mwembe, ondoka saa 9 alasiri. Saa 12 jioni, kabla giza halijaingia, tafuta kijiji au kituo chenye watu ulale, na saa 11 na nusu alfajiri uwe unakunja hema.

Maji ya kisima na bwawa yachemshe au yatie dawa ya kutibu maji, inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Beba na pakiti za ORS, za kurudisha maji mwilini ukiharisha. Zikiisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, vitakufaa.

Baiskeli

Sasa tunaweza kuizungumzia. Usiagize kitu cha ajabu. Kanuni ni moja: kila kinachoweza kuvunjika kiwe kinaweza kutengenezwa na fundi aliyekaa chini ya mti Itigi. Kwa hiyo fremu iwe ya chuma. Chuma kikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea atakiunga na utaendelea. Alumini ni nyepesi na inapendeza, lakini ikipasuka njiani safari imeishia hapo.

Magurudumu yawe ya inchi 26, saizi ya baiskeli za milimani zilizojaa kwenye mitumba. Tairi na tyubu zake utazipata kila mji. Zile za inchi 28 za baiskeli nyeusi za mizigo nazo zinapatikana hadi vijijini, na ukiamua kwenda na baiskeli hiyo sitakucheka. Tabora na Urambo watu hubeba magunia kwa baiskeli hizo. Ila haina giya, na Gairo itakukumbusha. Saizi ya 700C, ya baiskeli nyembamba za mashindano, iache mjini. Tairi ziwe pana, inchi 1.75 hadi 2. Mdomo wa tyubu uwe kama wa gari, ili ujaze upepo kwa pampu yoyote, hata ya kituo cha mafuta.

Baiskeli ya mtumba ikinunuliwa vizuri inatosha. Kabla ya kulipa, inua gurudumu la nyuma ulizungushe: likiyumba kushoto na kulia, spoku zimelegea au rimu imepinda. Shika mikono ya pedeli uitikise kwa pembeni. Ikicheza, gololi za katikati zimekwisha. Angalia mahali mabomba ya fremu yanapoungana, hasa karibu na foku, kama kuna ufa au rangi iliyopakwa juzi kuficha kitu. Kisha, hata kama kila kitu kinaonekana kizima, mpe fundi aifungue yote, aoshe gololi na kutia grisi mpya. Badilisha cheni na raba za breki kwa zilizo mpya, na nyaya za breki pia. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kusukuma baiskeli kilomita 40.

Spoku zinazokatika sana ni za gurudumu la nyuma, upande wa cheni, kwa sababu ndio unaobeba mzigo na mvuto wa miguu kwa pamoja. Beba spoku 6 za urefu huo huo, na beba kifungulio cha friwili yako, maana bila kuitoa friwili huwezi kuingiza spoku ya upande huo. Spana na plaisi fundi wa kijijini atakuwa navyo. Kifungulio kinacholingana na friwili yako huenda asiwe nacho. Zaidi ya hapo: tyubu 2, viraka na gundi mpya (gundi ikishafunguliwa hukauka), vijiti vya kutolea tairi, pampu, kiungo kimoja cha cheni, waya wa breki, na chupa ndogo ya mafuta.

Miiba ya migunga ndiyo adui wako kutoka Dodoma hadi Tabora, na wengi huipata barabarani kwa kosa moja tu: kusukuma baiskeli kwenda kivulini. Kila unapotoka kwenye lami, hata hatua kumi, inyanyue baiskeli uibebe. Jioni pitisha kiganja kwa uangalifu juu ya tairi, uchomoe miiba iliyoingia nusu kabla haijafika kwenye tyubu.

Mizigo

Ukiondoa maji na chakula, usizidi kilo 15. Mifuko ya pembeni ya keria huuzwa ghali. Fundi wa maturubai anaweza kukushonea jozi kwa vipimo vyako, au kata madumu mawili ya lita 20 upande mmoja, uyafunge kwenye keria kwa bolti na bati. Hayaloani, hayachaniki, na yakilazwa chini yanakuwa kiti. Vifungio bora kuliko vyote ni vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa kwa urefu. Vizito viwe chini na karibu na fremu, na pande zote mbili zilingane, la sivyo usukani utakuvuta kwenye kila mteremko.

Nguo jozi mbili, na sweta, kwa maana usiku wa Dodoma mwezi Julai si wa mchezo. Usivae bluu wala nyeusi. Kwenye miombo ya Tabora na Uvinza kuna mbung'o, na rangi hizo huwavuta. Mitego yao yenyewe hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu, kitambaa kinene kidogo. Mbung'o hufuata kinachotembea, kwa hiyo wakikuzidi simama. Mara nyingi hupoteza hamu.

Mwili

Miezi mitatu ya mazoezi inatosha kwa mtu mzima asiye na maradhi. Mwezi wa kwanza panda siku tatu kwa wiki, kilomita 20 hadi 30. Wa pili ongeza hadi 50, na uanze kubeba mzigo, hata kama ni mchanga kwenye dumu. Wa tatu fanya jambo ambalo wengi huliruka: panda kilomita 70 Jumamosi na 70 nyingine Jumapili. Siku ya kwanza kila mtu anaweza. Ya pili ndiyo inayokuambia kama siti inakufaa, kama goti linalalamika, kama mikono inakufa ganzi. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Inyanyue mpaka mguu unyooke karibu wote pedeli ikiwa chini.

Kuchubuka makalio kumewarudisha nyumbani watu wenye miguu ya chuma. Kaptura isiyo na mshono wa katikati, mafuta ya mgando kila asubuhi, kuoga kila jioni hata kwa kikombe, na siti ngumu kidogo badala ya ile laini kama mto.

Kula kabla njaa haijakuuma. Asubuhi uji na chapati au viazi vitamu, njiani karanga, ndizi, kashata na miwa, mchana wali au ugali maharage. Pwani kuna madafu. Ugogo usikatae ugali wa uwele na mlenda; unakaa tumboni na unateremka vizuri kwenye koo lililokauka. Kabla ya kuondoka pata chanjo ya pepopunda, na muulize daktari kuhusu kinga ya malaria. Chandarua ni lazima. Homa ikikushika njiani, usijitibu kwa kubahatisha na usinyonge; pima kwenye zahanati ya kwanza.

Barabarani

Chalinze hadi Manyoni ndiyo sehemu ya hatari, na hatari ni magari. Funga kioo cha pembeni cha pikipiki kwenye usukani, upande wa kulia. Hakuna kifaa cha bei ndogo kitakachokusaidia zaidi. Vaa helmeti na kizibao kinachong'aa. Malori mawili yakipishana nawe uko katikati ya hesabu yao, toka kwenye lami mapema, na usingoje kuona nani ataacha nafasi. Mahali pengine ukingo wa lami umekatika kwa kina cha shubiri, kwa hiyo chagua pa kutokea kabla hujalazimishwa. Usiendeshe usiku, hata mwezi ukiwa mpevu. Namba ya dharura ni 112, ingawa katikati ya Itigi na Nyahua mtandao huja na kuondoka. Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako ya vituo.

Vipande vya Kaliua hadi Uvinza vilikuwa vya vumbi kwa miaka mingi, vikitiwa lami kidogo kidogo. Hali yake waulize madereva wa mabasi stendi ya Tabora, siku ile ile.

Pa kulala

Mijini gesti zipo tele, na zote zitataka uandike jina kwenye kitabu cha wageni, kwa hiyo kitambulisho kiwe karibu. Vijijini hema si ruhusa ya kulala popote. Fika saa 11 jioni, si gizani, umuulizie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Shuka kwenye baiskeli kabla hujasalimia. Wazee waamkie shikamoo kwanza, maswali baadaye. Eleza unatoka wapi na unakwenda wapi, omba mahali, na utaelekezwa uwanja wa shule, ofisi ya kijiji au ua wa mtu. Kama ni mwanamke unayesafiri peke yako, omba kwenye nyumba yenye mama na watoto, au kwa masista palipo na misheni. Ukiwa Ugogo jaribu salamu ya mbukwenyi. Unyamwezini asubuhi, mwangaluka. Na kama ni Mzaramo, jiandae kutaniwa kuanzia Itigi, maana Wanyamwezi ni watani wenu tangu enzi za misafara.

Fedha nyingi ziache kwenye simu, mawakala wapo karibu kila mji mdogo, ila tembea na noti ndogo ndogo. Hakuna mama ntilie mwenye chenji ya elfu kumi saa 1 asubuhi.

Kurudi

Panga kurudi kabla hujaondoka. Treni ya kawaida ya reli ya kati hutoka Kigoma kwa siku maalumu za wiki tu, kwa hiyo ulizia siku hizo ukiwa bado Tabora na upime mwendo wako wa mwisho kwa ratiba hiyo. Baiskeli husafirishwa kama kifurushi. Ifikishe stesheni mapema, toa pedeli, geuza usukani ulale sambamba na fremu, punguza upepo kwenye tairi, andika jina na namba ya simu kwenye kipande cha boksi ukifunge kwa waya, na risiti usiitupe. Kama treni ni ya kesho kutwa, una muda wa kwenda Ujiji, kilomita chache tu kusini, ambako njia ya misafara ilikuwa ikiishia, na wa kula migebuka iliyoungwa kwa mawese.